Shahada ya kemia ipange kuanzia mwaka wa tatu

Vyuo vinapofunguliwa, mwanafunzi mpya wa kemia huingia kwenye mfumo wa usajili, akakuta kozi za lazima zimeshawekwa, akachagua moja au mbili za hiari kwa kusikiliza waliomtangulia wanasema ipi ni mteremko, akabofya, kisha akatoka mbio kutafuta chumba. Muhula wa pili anafanya vivyo hivyo. Shahada inaweza kusomwa kwa mtindo huo mpaka ikaisha na joho likavaliwa. Ila nimekaa maabara na vijana wengi wa fildi, nimeona mtindo huo unazaa nini. Kijana ana B+ ya elektrokemia na B+ ya takwimu, lakini ukimpa elektrodi na chupa ya sampuli haoni kwamba kozi hizo mbili zinakutana pale pale mkononi mwake.

Mimi ni mkemia wa maji, niko Arusha. Sampuli zetu nyingi zinatoka kwenye visima, chemchemi na mito inayozunguka Mlima Meru, na kipimo kinachonikalia mezani kuliko vyote ni cha floraidi. Shahada ya kwanza nilisoma Mlimani, Dar es Salaam. Mwaka huu mdogo wangu, binti wa mama mdogo, amepata nafasi ya kusoma kemia hapo hapo akitokea PCB, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na tangu majina yatoke tumekuwa tukizungumza jambo moja tu: apange vipi kozi zake. Mengi ya ninayoandika hapa nimeshamwambia yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Chukua karatasi kubwa, chora safu sita, kila safu muhula mmoja. Fungua prospektasi ya chuo chako, kile kitabu kinachoorodhesha kozi zote, kwenye kurasa za idara ya kemia. Halafu anza kuijaza karatasi kutoka safu ya sita kurudi nyuma hadi ya kwanza.

Nilipomwambia hivyo aliniuliza, "Dada, mwaka wa tatu si bado sana? Hata chumba sijapata." Swali lake lina haki yake. Lakini kozi nyingi za chuo hufundishwa mara moja kwa mwaka. Kozi ya muhula wa kwanza ukiiacha ikupite, au ukifeli mpaka ikabidi uikeri, inarudi mwaka unaofuata katika muhula ule ule, na wakati huo wenzako wako kwenye kozi inayoihitaji. Mwaka wa tatu ndio unaodai, na wa kulipa ni mwaka wa kwanza.

Tazama mnyororo mmoja tu. Mwaka wa tatu kuna kemia ya mazao asilia, kozi ambayo kwa nchi yenye miti ya dawa kama yetu inavutia watu wengi. Unapewa unga wa gome la mti. Unauloweka kwenye methanoli, unachuja, unakausha kile kimiminiko mpaka kinabaki kama asali nyeusi, unakipitisha kwenye safu ya silika ili vilivyomo vitengane. Baada ya kazi nyingi unabaki na punje chache nyeupe chini ya kichupa, na swali ni moja: hizi ni nini? Jibu liko kwenye karatasi zinazotoka kwenye mashine: ya infraredi, ya NMR na ya spektra ya masi. Kwenye infraredi kuna bonde refu, kali, karibu na namba 1700 ya mhimili wa chini. Aliyezowea spektroskopia, yaani kuzisoma karatasi hizo, anajua papo hapo kwamba ndani ya molekuli hiyo kuna kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili, na mawazo yake yanaanza kwenda kwenye ketoni, esta na asidi. Aliyeipanga spektroskopia muhula ule ule na mazao asilia anajifunza herufi huku ameshafunguliwa kitabu asome.

Sasa rudi nyuma hatua moja. Spektroskopia yenyewe inasimama juu ya nini? Juu ya wazo kwamba bondi haitikisiki kwa nguvu yoyote inayotaka, inatikisika kwa viwango maalumu. Hilo ni kwanta. Na kwanta imeandikwa kwa lugha ya hesabu. Kwa hiyo ukianzia kwenye punje nyeupe za mwaka wa tatu, ukafuata mnyororo kurudi nyuma bila kuruka, unafika kwenye kozi ya hesabu ya muhula wa kwanza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wa PCB wanapoangukia.

Aliyesoma PCB, au CBG (kemia, baiolojia na jiografia), kidato cha tano na cha sita alifanya BAM, ile hesabu ya ziada. BAM si somo dogo kama watu wanavyolichukulia: ina fankisheni, ina kutofautisha na kuintegreti, ina takwimu, matriki na uwezekano. Ila haikufikishi kwenye milinganyo ya kidiferensha, ile inayoeleza kitu kwa kasi ya mabadiliko yake, wala namba changamano, wala vekta. Mwenzako wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) alizipita hizo zote kwenye hesabu ya juu. Mnapokaa pamoja kwenye ukumbi wa Yombo na mhadhiri akaandika ubaoni mlinganyo wa Schrödinger, ule mkuu wa kwanta, yeye anaona mlinganyo wa kidiferensha wa daraja la pili wa aina aliyowahi kuutatua. Wewe unaona alama. Ninyi wawili mna akili ile ile. Tofauti ni kwamba mwenzako alishafundishwa, na wewe una muhula mmoja au miwili ya kulijaza pengo hilo kabla halijaanza kukugharimu.

Kinachotakiwa si hesabu yote ya duniani. Kwa kemia ya shahada ya kwanza, hiki ndicho ninachokitaja kwa mdogo wangu. Kwanza ajue kutofautisha fankisheni yenye vigeu viwili au vitatu huku akikishikilia kimoja kisisogee, kwa sababu themodinamiki yote imeandikwa hivyo: nishati inabadilikaje joto likipanda na shinikizo limebaki pale pale. Ajue logi na eksponenti mpaka zimtoke bila kufikiri, maana pH, kasi ya mmenyuko, mlinganyo wa Arrhenius na wa Nernst vyote viko humo. Awe na milinganyo rahisi ya kidiferensha kwa ajili ya kinetiki, na ile ya sain na kosain kwa ajili ya kwanta. Matriki kidogo kwa ajili ya simetria na obiti za molekuli. Na takwimu, ambayo nitairudia.

Nampa mfano wa mawese. Mafuta ya mawese ya Kigoma ni mekundu kwa sababu yamejaa karotini. Molekuli ya beta-karotini ina bondi mbili-mbili 11 zilizopangana kwa zamu na bondi moja-moja, na elektroni za humo hazikai kwenye bondi moja, zinatembea mnyororo mzima. Kwenye kwanta unafundishwa hesabu ya chembe iliyofungiwa ndani ya sanduku. Sanduku likirefuka, ngazi za nishati zinasogeleana. Mnyororo mfupi wa bondi mbili-mbili unahitaji mwanga wenye nguvu sana, ule wa urujuanimno ambao jicho halioni, ndiyo maana vitu vya namna hiyo havina rangi. Mnyororo mrefu kama wa karotini unatosheka na mwanga wa buluu. Unaumeza ule wa buluu, na kinachobaki kufika machoni ni cha njano kuelekea chekundu. Mwanafunzi anayeweza kuitatua hesabu hiyo ya sanduku mwenyewe, kwa kalamu, akaona nishati inavyoshuka kadiri sanduku linavyorefuka, hasahau kwanta tena maishani. Na hesabu yenyewe ni mstari mmoja wa sain. Hiyo tu.

Kwa hiyo safu ya kwanza na ya pili kwenye karatasi ya mtu wa PCB: kozi ya hesabu iwemo, na kama idara imekuachia kuchagua kati ya hesabu nyepesi na ile ya kutosha, chukua ya kutosha. Tenga saa nyingi zaidi kwa semina za hesabu kuliko za kemia katika muhula huo. Kemia ya jumla ya mwaka wa kwanza, yaani muundo wa atomu, bondi, msawazo wa mmenyuko, na asidi na besi, mtu aliyetoka kidato cha sita na alama nzuri tayari anayo nusu yake kichwani. Nguvu iliyobaki ipeleke kwenye hesabu.

Kuna watakaosema, GPA je? Nalichukulia suala hili kwa uzito, kwa sababu najua GPA inafungua na kufunga milango, hasa kwa anayetaka kuendelea na shahada ya pili. Lakini tuihesabu vizuri. Kwa mfumo wetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila moja inazidishwa kwa krediti za kozi. Chukua kozi mbili, moja nzito ya krediti 12 na moja nyepesi ya krediti 8. Mtu aliyekazana kupata A kwenye ile nyepesi na kuambulia C kwenye nzito ana 40 na 24, jumla 64, gawanya kwa 20, anapata 3.2. Mwingine kapata B+ kwenye nzito na B ya kawaida kwenye nyepesi: 48 na 24, jumla 72, gawanya kwa 20, ni 3.6. Wa pili yuko daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Wa kwanza yuko la chini, na ana A yake. Kozi zinazobeba krediti nyingi katika shahada ya kemia ni zile zile za kemia, na zile za kemia zinanyanyuliwa na hesabu na takwimu. Kozi ya mteremko haikuokoi kwenye hesabu hii, labda ikupumzishe, na kupumzika nako kuna mahali pake nitakapopaonyesha.

Sasa nieleze kwa nini naamini upangaji huu kwa moyo wote, kwa kipimo ninachokifanya mwenyewe.

Maji ya kisima yanafika maabara ndani ya chupa ya plastiki. Napima kiasi kwenye bika ya plastiki, naongeza kiasi sawa cha bafa tunayoiita TISAB, naweka kikorogeo cha sumaku, nazamisha elektrodi ya floraidi, nasubiri namba kwenye mita itulie, naandika milivolti. Mtu akichungulia mlangoni anaona nimezamisha kijiti kwenye maji. Lakini kwenye ncha ya kijiti hicho kuna fuwele ya lanthani floraidi iliyochanganywa na yuropiamu kidogo sana. Ile yuropiamu inaacha nafasi tupu ndani ya fuwele, na ioni za floraidi zinahama kutoka nafasi hadi nafasi, ndiyo maana fuwele inapitisha umeme kwa floraidi na si kwa kingine. Hiyo ni kemia ya yabisi, ile mada ya kasoro za fuwele ambayo wanafunzi wa inoganiki huiruka wakijiandaa na mtihani.

Milivolti ninazosoma hazina maana kwa mwenye kisima. Anataka miligramu kwa lita. Kinachozigeuza ni mlinganyo wa Nernst: kwenye nyuzi joto 25, floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji unashuka kwa takribani milivolti 59. Kila asubuhi napima kwanza myeyusho wa viwango ninavyovijua, nachora milivolti dhidi ya logi ya kiwango, na nautazama mteremko wa mstari. Ukikaribia 59 naendelea. Ukiwa 50 nasimamisha kila kitu, kwa sababu elektrodi imechoka au myeyusho wangu umeharibika, na hakuna sampuli itakayopimwa sawa siku hiyo. Hiyo ni elektrokemia, na kuuchora ule mstari na kujua kosa lake ni takwimu.

Halafu kuna TISAB, ambayo vijana wa fildi huimimina kwa kuwa utaratibu umeandika imiminwe. Inafanya kazi tatu kwa pamoja. Inashikilia pH kati ya 5 na 5.5. Chini ya hapo floraidi inaanza kujifunga na haidrojeni ikawa HF, ambayo elektrodi haiioni, na juu sana ioni za haidroksaidi zinaanza kuidanganya elektrodi. Pili, inaziweka sampuli zote kwenye chumvi nyingi ya kiwango kimoja, kwa sababu elektrodi haipimi kiasi cha floraidi, inapima utendaji wake, yaani nguvu yake halisi ndani ya myeyusho, na utendaji unabadilika kulingana na chumvi iliyomo majini. Aliyesoma themodinamiki ya myeyusho anaijua tofauti hiyo. Tatu, ina kikamatio cha metali. Aluminiamu na chuma vikiwemo kwenye maji huikumbatia floraidi na kuificha, na kile kikamatio kinaing'ang'ania metali kwa nguvu zaidi, kikaiachia floraidi huru ipimwe. Hiyo ni kemia ya kompleksi, mwaka wa pili.

Bika moja, na ndani yake kuna asidi na besi, themodinamiki, elektrokemia, kemia ya yabisi, kompleksi na takwimu. Na namba inayotoka si ya mchezo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Miamba ya volkano ya huku kwetu inatoa maji yanayoupita mpaka huo, mahali pengine kwa mbali sana, na ndiyo sababu ukipita vijiji vya Arumeru unaona meno ya kahawia kwa watu wazima na kwa watoto. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kilichofanyia kazi uondoaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa uliochomwa vizuri unabaki na madini ya haidroksiapataiti, na floraidi ya kwenye maji inaingia humo ikachukua nafasi ya haidroksaidi. Mtu akiniuliza kemia ya inoganiki ina faida gani, namwonyesha ndoo ya kuchujia yenye mkaa huo.

Ndiyo maana nasema anza na safu ya sita. Andika pale kazi unayotaka uweze kuifanya kwa mikono yako siku unayomaliza. Haihitaji kuwa ndoto kubwa. Kwa mdogo wangu ni maji, hatujui kama atabadilika. Kwa mwingine ni dhahabu: anataka maabara ya mgodi kule Kanda ya Ziwa, ambako unga wa mwamba unachanganywa na oksidi ya risasi na kuyeyushwa tanuruni, risasi inakusanya dhahabu yote chini kama kifungo, kisha risasi inaondolewa na chembe iliyobaki inayeyushwa kwenye akwa rejia, ule mchanganyiko wa asidi kali, ili isomwe kwenye mashine ya AAS, inayopima metali kwa mwanga inaoumeza. Huyo anahitaji kemia changanuzi na ya metali kwa nguvu, na kama chuo kinamruhusu, kozi moja ya jiolojia. Mwingine anaitazama Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au Shirika la Viwango pale Ubungo, au kiwanda cha sabuni, rangi au dawa. Anayetaka dawa ajaze oganiki, spektroskopia na baiokemia. Anayetaka kiwanda asiiache kemia ya viwandani wala ya polima.

Ukishaiandika, shuka chini ya kila kozi uandike kozi tangulizi yake. Prospektasi huzitaja baadhi, na nyingine hazitajwi kabisa lakini zipo. Hakuna prospektasi nitakayoitegemea iniambie kwamba kemia changanuzi ya vyombo inahitaji takwimu mapema. Lakini ukifika kwenye maabara hiyo bila kujua kupata mstari bora kati ya nukta tano na kueleza kosa la mteremko wake, utakuwa unanakili ripoti ya mwenzako. Takwimu iwekwe kabla, mwaka wa kwanza muhula wa pili panafaa. Na kama kuna kozi ya hiari ya kuandika programu, iweke ndani ya mwaka wa pili. Saa chache za kujua kusoma faili la data na kuchora grafu kwa Python zinaokoa usiku mwingi wakati wa mradi.

Anayesoma Sayansi na Ualimu, iwe Mlimani, DUCE au Mkwawa, ana masomo mawili ya kufundishia pamoja na kozi za ualimu, kwa hiyo nafasi zake za hiari ni chache zaidi. Kwake karatasi hii ni ya lazima kabisa. Kama somo lake la pili ni hesabu, amepata bahati kubwa kwa upande wa kemia.

Mwaka wa pili ndio mzito. Oganiki inaingia kwenye mekanismu, fizikali inaingia kwenye kinetiki na elektrokemia, inoganiki inaingia kwenye kompleksi, na maabara zinaongezeka. Hapa ndipo pa kuiweka ile kozi nyepesi ya kupumzikia, si mwaka wa kwanza. Ukiweza kuchagua, usipange maabara mbili za mchana mfululizo. Maabara ya saa tatu haiishi kwa saa tatu. Ina kusoma utaratibu jana yake, ina kuandika ripoti, na ripoti huandikwa usiku ule ule wakati bado unakumbuka rangi iligeuka saa ngapi na kwa nini bureti ya pili ilisomwa juu kuliko ya kwanza. Ripoti inayoandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi huwa haina kitu cha kusema kwenye sehemu ya majadiliano, na pale ndipo alama zilipo.

Kuhusu muda wenyewe, piga hesabu hii. Krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara na za kujisomea. Mwaka ni krediti 120, muhula ni 60, yaani saa 600. Zigawanye kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili. Anayepanga pia biashara ya kuuza nguo hosteli, na wengi wanalazimika kwa kuwa bumu halitoshi, apange akijua kwamba saa hizo 40 zipo kabla ya biashara. Simkatazi mtu kujitafutia. Ila aweke biashara yake kwenye muhula ambao maabara ni chache, na karatasi ya safu sita itamwonyesha ni upi.

Fildi nayo iingie kwenye karatasi. Wengi huisubiri likizo ndefu ya baada ya mwaka wa pili ndipo waanze kuzungusha barua. Maabara nzuri nafasi zake hujaa mapema, na barua iliyoandikwa "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" haitofautiani na nyingine zote mezani. Andika umesoma kozi zipi, umetumia vyombo gani, na unataka kujifunza kipimo gani. Mkuu wa maabara akisoma kwamba umeshafanya titresheni ya ugumu wa maji kwa EDTA, ile kemikali inayokamata metali, na unataka kujifunza elektrodi za ioni, anajua akuweke meza ipi.

Karatasi ikikamilika, ipeleke kwa mshauri wako wa masomo. Kila mwanafunzi anapangiwa, na wengi wanamwona siku ya kusaini fomu tu. Piga hodi, amkia, mwombe dakika kumi, mwekee karatasi mbele. Muulize maswali mawili yasiyo na majibu kwenye prospektasi. La kwanza: kati ya hizi za hiari za mwaka wa tatu, zipi zimekuwa zikifundishwa kweli? Kozi kuandikwa kwenye kitabu si ahadi kwamba itakuwepo. Inategemea kama mhadhiri wake yupo na kama wanafunzi wa kutosha wameichagua. Kwa hiyo kila nafasi ya hiari ya mwaka wa tatu iandikie na mbadala wake kwa penseli. La pili: ni mada gani za mwaka wa kwanza ambazo wanafunzi wakifika kwake mwaka wa tatu anakuta hawana? Kila mhadhiri ana jibu la swali hilo, na atalitoa kwa furaha kwa sababu hakuna anayemuuliza. Mimi niliambiwa "logi na uniti", na tangu siku hiyo nilianza kuandika uniti kwenye kila mstari wa hesabu.

Mradi wa mwaka wa mwisho usisubiri upewe mada. Mwishoni mwa mwaka wa pili, ukiwa na fildi mbele yako, mwone mhadhiri ambaye kozi yake umeipenda, ukiwa na swali. Kemikali nyingine huagizwa nje na huchukua muda mrefu kufika, na mashine zina foleni. Aliyeanza mapema anapima wakati wenzake bado wanasubiri mzigo. Swali lenyewe litoke mahali unapopajua. Mdogo wangu analo tayari: nyumbani kwao kuna visima viwili vilivyo jirani kabisa, maji ya kimoja yamechafua meno ya ukoo mzima na ya kingine hayajafanya hivyo, na anataka kujua visima hivyo vinachota kwenye miamba gani. Swali hilo linahitaji floraidi, kalisi, pH na mtu wa jiolojia, kwa hiyo kozi ya jiokemia imeingia kwenye safu yake ya tano, na mbadala wake kwa penseli ni kemia ya mazingira.

Kwa sasa la haraka ni dirisha la kuongeza na kuondoa kozi, ambalo liko wazi wiki za mwanzo tu za muhula. Mdogo wangu aihakikishe kozi ya hesabu ndani ya dirisha hilo.